Trekta la Babu Limelala Shambani: Anza na Namba, Kisha Kitabu, Fedha Mwisho

Wako wenzetu wengi huku Ghuba ambao familia zao zina trekta la zamani lililobaki nyuma. Liko Unguja chini ya mwembe, au Pemba kando ya mikarafuu, au Tanga, au hapa hapa Batinah katika bustani ya mitende ambayo kisima chake kimeingia chumvi. Kila likizo watoto hulipanda wakapigwa picha. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye hupita akauliza bei. Na katika familia hakosi mtu wa kusema: msiliuze, tulitengeneze.

Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike. Fundi wa nyumbani hupiga simu akasema, "Tuletee pistoni za Massey." Kijana aliyeko Dubai au Maskati anakwenda dukani, anauliza pistoni za Massey, analipa, anasafirisha. Zikifika hazikai. Hapo fundi huitwa mwizi, aliyetuma huitwa bahili aliyenunua bandia, na ami mtu mzima huingizwa kusuluhisha ugomvi asioujua mwanzo wake. Mara nyingi hapo hakuna aliyeiba wala aliyebania. Watu wawili walizungumza juu ya mashine ambayo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma namba yake.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani, na kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu ilikuwa kushika daftari la vipuri. Walimu wetu wa skuli ya misheni walituzoesha kunakili kila tarakimu na kuihakikisha mara ya pili kabla ya kupiga mstari, na zoezi hilo nililoliona adhabu utotoni ndilo lililonilisha ukubwani. Kwa hiyo sitakufundisha kufungua injini. Nitaeleza namna ya kupata kitabu na vipuri vya mashine ambayo kiwanda chake kimeshafungwa. Mfano wangu utakuwa Massey Ferguson 135, pamoja na ndugu yake aliyetengenezwa kwa kazi za viwanda na barabara, yaani 2135. Njia yenyewe lakini inafaa kwa trekta lolote.

JINA LA BONETI SI USHAHIDI

Boneti hufunguliwa kwa bolti chache tu, na katika miaka hamsini watu wamebadilishana boneti sana. Rangi nyekundu nayo huuzwa kwenye kopo. Kwa hiyo usiseme "ni 135" kwa sababu imeandikwa ubavuni. Tafuta namba tatu.

Ya kwanza ni namba ya trekta lenyewe. Kwa 135 imepigwa kwenye kibati kilichopo katika dashibodi, karibu na usukani. Hiyo ndiyo inayokujulisha mwaka, na 135 la Uingereza lilitengenezwa tangu 1964 hadi 1975.

Ya pili ni namba ya injini, iliyopigwa kwenye bloku yenyewe. Injini ya kawaida ya 135 ya dizeli ni Perkins AD3.152. Tarakimu 3 ni idadi ya silinda, na 152 ni ujazo wake kwa inchi, sawa na lita mbili na nusu hivi. Namba nyingi za injini hizo huanza na 152U. Ukikuta namba ya namna nyengine kabisa, huenda injini si ile iliyozaliwa na trekta hilo. Hilo si msiba, ila ni lazima ulijue kabla ya kutoa fedha.

Ya tatu ni namba ya pampu ya dizeli. Pampu ina kibati chake kidogo ubavuni, na fundi wa pampu hawezi kukusaidia bila ya namba hiyo.

Kama namba zimeliwa na kutu, usizisugue kwa mashine ya kusagia, kwani utazifuta moja kwa moja. Paka mafuta ya taa, acha yaloweke, safisha kwa brashi laini ya waya, futa, kisha sugua chaki juu yake. Mulika tochi kutokea pembeni, piga picha. Mwambie aliye shambani akutumie picha, asikusomee kwa simu, maana 3 na 8 zilizochakaa hufanana sana.

Tahadhari nyengine: namba zilizovimba juu ya chuma ni za ukungu uliotumika kukiyeyushia, na aghalabu si namba za kununulia kipuri. Zinasaidia kulinganisha tu. Namba ya kununulia hutoka katika orodha ya vipuri, ambayo tutaifikia.

KAMPUNI IKIFA, TAFUTA WARITHI

Watu hukata tamaa wakisikia kiwanda kimefungwa. Lakini kampuni nayo huacha mirathi. Michoro, namba za vipuri na haki ya jina hupita kwa mtu mwengine, na kazi yako ni kumjua huyo mrithi.

Harry Ferguson, aliyezaliwa kaskazini ya Ireland, ndiye aliyetoa trekta dogo la kijivu la TE20, lililotengenezwa Banner Lane, Coventry, tangu 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na kutoka hapo likaja jina la Massey Ferguson. Kiwanda cha Banner Lane kilifungwa 2002, lakini jina lilikuwa limeshanunuliwa na AGCO ya Marekani tangu 1994. Kwa hiyo mrithi wa trekta lako ni AGCO.

Injini ina mirathi yake peke yake. Perkins ya Peterborough ilinunuliwa na Massey Ferguson mwaka 1959, na tangu 1998 ni mali ya Caterpillar. Pampu za CAV zilipita kwa Lucas kisha Delphi. Ndiyo maana trekta moja linaweza kukupeleka kwenye milango mitatu, na muuzaji wa mlango mmoja akikwambia "hakuna tena", bado iko miwili.

Matrekta mengine ya wazee wetu nayo yana ukoo wake. Ford na Fordson yaliingia kwa Fiat mwaka 1991, na leo mrithi ni New Holland. David Brown ilinunuliwa na wenye Case mwaka 1972, na matrekta ya International yakaunganishwa na Case mwaka 1985. Case na New Holland nao wako chini ya paa moja tangu 1999.

VITABU NI VITATU, SI KIMOJA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu huagiza "kitabu cha 135", kikija ni kijitabu cha kueleza namna ya kuwasha taa na kubadilisha oili.

Kuna kitabu cha dereva. Hiki hueleza matumizi, aina ya oili, ujazo wake, na huduma ya kila wiki. Ni kizuri kuwa nacho, na ni rahisi.

Kuna kitabu cha fundi. Hiki hueleza namna ya kufungua na kufunga, kiasi cha kukaza bolti, nafasi ya vali, na vipimo ambavyo sehemu ikivipita huhesabika imekwisha. Fundi mzoefu anaweza kufanya kazi bila ya hiki, lakini wewe uliye mbali huwezi kumuelewa bila yake.

Na kuna orodha ya vipuri. Hii haina maelezo, ni michoro tu ya sehemu zilizotawanywa, kila moja na namba yake. Kwa anayenunua kutoka mbali, hii ndiyo muhimu kuliko zote. Katika orodha hiyo angalia mistari inayosema kipuri fulani ni cha matrekta kuanzia namba fulani au mpaka namba fulani. Kiwanda kilibadilisha vitu katikati ya miaka, na mstari huo mdogo ndio unaotofautisha kipuri kinachokaa na kisichokaa. Angalia pia kama namba ya zamani imepewa namba mpya mahali pake. Muuzaji anayejua mpya tu atakwambia ya zamani haipo.

AGCO wenyewe huweka orodha za vipuri kwenye mtandao. Vitabu vya fundi vilivyochapwa upya vinauzwa, na vile vya I&T vya Marekani vimeenea sana. Hapo pana mtego. 135 nyengine ziliungwa Detroit, na baadhi ya hizo zilikuwa na injini ya petroli ya Continental. Kitabu cha Marekani kinaweza kueleza kurasa nyingi za injini usiyokuwa nayo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupigie picha ukurasa wa yaliyomo, uone kama AD3.152 imo. Ukinunua nakala ya picha za kompyuta, kagua majedwali ya vipimo kama yanasomeka, kwani ndiyo ya kwanza kufifia.

Kwa utafutaji wa ndani zaidi, wako Uingereza wapenzi wa matrekta haya waliojiunga katika chama cha Friends of Ferguson Heritage, na makumbusho ya maisha ya shamba ya Chuo Kikuu cha Reading yamehifadhi kumbukumbu za makampuni mengi ya zana za kilimo. Waandikie kwa adabu, uwape namba kamili, na uulize swali moja kwa barua moja. Watu wa namna hiyo hujibu wakiona muulizaji amefanya kazi yake.

KAMA LAKO NI LA VIWANDANI

Trekta la viwandani lilitengenezwa kwa kuvuta matela, kubeba kijiko cha mbele au kufanya kazi ya barabara. Injini ni ile ile ya ndugu yake wa shamba, kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi na nozeli tafuta kama za 135. Lakini ekseli ya mbele ni nzito zaidi, usukani, breki na mpango wa pedeli vinaweza kutofautiana, na mengine hayana ile mikono mitatu ya nyuma ya kushikia jembe. Kijiko nacho kinaweza kuwa na pampu yake ya haidroliki, na hata kimetengenezwa na kampuni nyengine kabisa.

Kwa hiyo usinunue kipuri cha mwili kwa kutazama orodha ya 135 wakati kibati kinasema 2135. Sema hivi: injini moja, mwili mbali, orodha mbili.

USINUNUE KABLA YA KUPIMA

Mwambie fundi asiliwashe trekta kwa kulivuta na gari. Kama injini imeshika, atoe nozeli, amimine mafuta laini ndani ya kila silinda, aache siku kadhaa, kisha ajaribu kuizungusha kwa mkono polepole. Injini nyingi zinazodhaniwa zimekufa huachia kwa njia hiyo. Ikivutwa kwa nguvu, pete zilizoshikwa na kutu huvunjika, na ukarabati mdogo hugeuka mkubwa.

Akishafungua, kila kitu kipimwe kwanza. Krenki ikiwa imelika, husagwa ikapungua kwa hatua za inchi: 0.010, 0.020 au 0.030. Beringi zake lazima zilingane na hatua hiyo, na mara nyingi huandikwa mgongoni 010, 020 au 030. Kwa hiyo anayenunua beringi za krenki kabla krenki haijatoka kwa mkerezaji anacheza bahati nasibu. Slivu za silinda nazo ziko za aina zaidi ya moja, na pistoni za injini hii ambazo dizeli hurushwa moja kwa moja juu yake si sawa na za zile Perkins za mwanzo ambazo dizeli huingia kwanza katika kichumba cha pembeni. Hata sili ya nyuma ya krenki, kwa injini za zamani ni ya kamba, na za baadaye ni ya mpira. Angalia kilichotoka, kisha ndio uagize.

Bolti za matrekta haya ni za inchi, na nyuzi zake ni UNF au UNC. Bolti ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili, mtu akailazimisha, na nyuzi za ndani zikaharibika. Seti moja ya spana za inchi ni zawadi nzuri kwa fundi kuliko maneno.

VIPURI VIKO WAPI

Watu wa Ghuba tuna bahati katika jambo hili, kwa sababu tuko katikati ya njia. Kampuni ya Millat ya Lahore imetengeneza Massey Ferguson 240, ambalo injini yake ni ya ukoo huo huo wa AD3.152. Kwa hiyo vipuri vingi vya injini vya trekta la babu vimeendelea kutengenezwa Pakistani, ng'ambo ya bahari tu. TAFE ya Chennai, India, nayo imetengeneza matrekta ya Massey kwa miongo mingi, lakini mashine zake zina mabadiliko yake, kwa hiyo linganisha namba na kipimo, usiridhike na kufanana. Katika mji wa Exeter, Uingereza, wako wauzaji wawili wakubwa wa vipuri vya matrekta ya kila aina, Sparex na Vapormatic, ambao orodha zao hutaja namba ya asili ya kiwanda pembeni ya namba yao.

Hapa karibu, maeneo ya viwanda ya Sharjah yana wauzaji wa injini na mashine zilizotumika, na Deira kuna maduka ya beringi, mikanda na zana. Jua siri moja ya stoo: beringi za magurudumu na za giaboksi si za Massey. Massey alizinunua kwa watengenezaji wa beringi kama wengine. Namba imechongwa kwenye ukingo wake. Isome, ipeleke duka la beringi, na mara nyingi utaipata bila ya kutaja neno trekta, kwa bei nafuu. Oili sili vile vile hununuliwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, na unene.

Visivyostahiki kubanwa ni vitu vya mpira. Mipira ya haidroliki, mipira ya dizeli na sili zote ziwe mpya. Pampu ya dizeli na nozeli usinunue mpya kabla hazijapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzijaribu, maana mara nyingi ni usafi na sili tu. Na kipuri cha chuma kizito kilichovunjika huenda mkerezaji wa Unguja au Tanga akakitengeneza kwa gharama ndogo kuliko nauli yake.

HATARI NDOGO NDOGO ZISIZO NDOGO

135 halina chesesi. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa pamoja zikawa ndio uti wa mgongo. Likikatwa katikati kubadilisha klachi, kila upande utegemezwe vizuri, na ekseli ya mbele itiwe kabari, ama nusu ya mbele inaweza kupinduka juu ya mtu.

Vitambaa vya zamani vya breki na klachi vinaweza kuwa na asbesto. Visipulizwe kwa upepo, viloweshwe na kufutwa kwa kitambaa. Na matrekta ya zamani mengi hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Uingereza ililazimisha kinga hiyo kwa matrekta mapya mwaka 1970. Kama trekta litarudi kazini, fremu hiyo iwe katika hesabu ya mwanzo. Hakuna kumbukumbu ya babu yenye thamani ya mjukuu.

DAFTARI LA KUZUIA UGOMVI

Fungueni daftari moja, au jedwali katika simu ambalo aliye shambani na aliye Ghuba wote wanaliona. Liwe na tarehe, namba ya kipuri kutoka kwenye orodha, kipimo, kilikonunuliwa, bei, tarehe kilipofika, na tarehe kilipofungwa. Safu ya mwisho ndiyo kubwa: kipuri cha zamani kiko wapi. Kila kinachotoka kiwekwe sandukuni na kiandikwe, kisitupwe mpaka trekta litembee. Kwanza, ndicho ushahidi wa kipimo. Pili, kinamlinda fundi. Akiulizwa fedha zimekwenda wapi, anafungua sanduku.

Agizo nalo liwe la maandishi. Asiandike mtu "pistoni za Massey." Aandike: trekta namba fulani, injini namba fulani, kipuri namba fulani, kipimo fulani, idadi tatu, pamoja na picha ya kilichotoka. Ombi la namna hiyo muuzaji wa Lahore, wa Exeter na wa Deira wote watalielewa sawa, na likija kosa itajulikana limetokea kwa nani bila ya kumvunjia mtu heshima.

Kabla ya hayo yote, kuna kazi isiyogharimu kitu na isiyosubiri. Kama dereva au fundi wa zamani wa trekta hilo bado yuko hai, mpigie simu wiki hii. Muulize injini iliwahi kubadilishwa? Giaboksi iliwahi kufunguliwa? Lilisimama kwa sababu gani, na mwaka gani? Kitabu hakina majibu hayo, na mzee huyo hana nakala.

Baada ya hapo fanyeni hesabu. Bloku iliyopasuka vibaya, au kasha la giaboksi lililovunjika, huenda likawa sababu ya haki ya kuliuza. Hakuna aibu katika hilo, na kibati chenye namba kinaweza kubaki ukutani nyumbani. Lakini msimuuzie mtu wa vyuma chakavu kwa kilo kabla ya kusoma namba, kwa sababu trekta lisilosomwa halina bei, na yeye anajua hilo kuliko sisi.